Tangi la Samaki na Jasho la Besimenti

Aliyekulia Kigoma, Uvira au Bujumbura akiingia kwenye duka la samaki wa mapambo mjini Columbus au Minneapolis huenda akakutana na majirani zake wa zamani. Nyuma ya vioo wanaogelea samaki wa Ziwa Tanganyika: Tropheus wenye mshipi wa njano kiunoni, brichardi wenye mapezi marefu, na wale wadogo kabisa wanaojificha ndani ya makombe ya konokono. Kwao hakuna anayehangaika kuwatia chunguni. Huku mmoja anaweza kuuzwa dola 20 na kuendelea.

Ukishawanunua, linabaki swali la mahali pa kuwaweka. Tangi la galoni 75, urefu wake sentimita 120 hivi, likijazwa maji, mawe na mchanga linakaribia kilo 400, na si kila sakafu ya mbao itaubeba mzigo huo bila kulalamika. Besimenti ina sakafu ya zege. Ndiyo maana wengi hulishusha huko, pamoja na hita yake, pampu zake na tangi la chini la kuchujia maji. Miezi michache baadaye dirisha dogo la juu linatiririka maji kila asubuhi, maboksi yaliyoegemezwa ukutani yamelegea, na mgeni akishuka ngazi anauliza hii harufu ni ya nini.

Mwongozo huu ni wa mwenye besimenti ndogo na tangi moja, mawili au matatu. Mwenye matangi thelathini anahitaji fundi wa mitambo ya hewa, si makala. Na niseme mapema ninakoegemea: pesa yako ya kwanza iende kwenye vifuniko na vipimo, mashine ya kukausha hewa ije baadaye. Wengi huanza na mashine, halafu wanajikuta wanalipia umeme wa kuyafanya maji kuwa mvuke, na umeme mwingine wa kuurudisha mvuke uwe maji.

Jua unashindana na lita ngapi

Maji yanayopungua tangini yameingia kwenye hewa ya nyumba yako, na kiasi chake kinapimika bila kifaa cha bei. Bandika kipande cha selotepu kwenye kioo pale maji yalipofikia. Acha siku tatu bila kuongeza wala kubadilisha maji. Kisha chukua jagi la lita moja, jaza mpaka kwenye alama, ukihesabu. Gawanya kwa tatu. Mwenye tangi la chini aweke alama yake huko, kwenye chemba ya pampu, kwa sababu tangi la juu hubaki kwenye usawa wa tundu la kumwagia na halitaonyesha upungufu wowote. Ukiona pampu inakaribia kuvuta hewa kabla siku tatu hazijaisha, kata kipimo, siku moja inatosha.

Tangi la sentimita 120 kwa 45 likishuka sentimita moja, hizo ni lita 5.4. Likishuka milimita 5 kwa siku, ambayo si ajabu kwa tangi lililo wazi katika chumba chenye ubaridi, ni lita 2.7 kila siku.

Lita 2.7 zinasikika kidogo, ni chini ya ndoo ndogo. Lakini chukua besimenti ya mita 4 kwa 5, dari mita 2.2. Ina hewa ya mita za ujazo 44. Katika nyuzi 20, mita moja ya ujazo ya hewa haiwezi kushika zaidi ya gramu 17 hivi za mvuke. Kwa hiyo chumba kizima, hewa yake ikiwa imeshiba nusu, yaani unyevu wa asilimia 50, kina chini ya nusu lita ya maji angani. Ongeza chini ya nusu lita nyingine na hewa imeshiba kabisa. Tangi lako linatoa mara saba hivi ya hiyo kila siku. Kinachokuokoa ni kwamba nyumba huvuja hewa kupitia ngazi, nyufa na mabomba. Kisichokuokoa ni kwamba besimenti huvuja kidogo kuliko vyumba vya juu, na mvuke ukipanda ngazi hautoki nyumbani, umehama chumba tu.

Sasa hesabu ya umeme. Kila lita inayogeuka mvuke inachukua joto la uniti (kilowati-saa) 0.68 hivi kutoka kwenye maji, na hita ya tangi hubeba sehemu kubwa ya deni hilo. Lita 2.7 ni uniti 1.8 kwa siku. Mashine ya kawaida ya kukausha hewa hukamua lita moja na nusu hadi mbili kwa uniti moja, kwa hiyo kuzirudisha lita zile zile kwenye ndoo ni uniti nyingine 1.7 hivi. Jumla uniti 3.5 kwa siku, zaidi ya 100 kwa mwezi. Kwa bei ya senti 16 kwa uniti, hizo ni kama dola 17 kila mwezi kwa maji kupanda na kushuka. Ni kweli wakati wa baridi joto hilo hubaki ndani na kuipunguzia kazi tanuru ya nyumba. Julai hakuna kisingizio hicho.

Kifaa cha pili cha kupimia ni haigromita, saa ndogo ya unyevu, zinauzwa dola 10 au 15. Nunua mbili. Moja ining'inie katikati ya chumba, usawa wa kifua, mbali na tangi. Nyingine iweke kwenye kona yenye ubaridi kuliko zote, chini, nyuma ya makabati. Ya kona ndiyo itakayokuambia ukweli, maana hewa ile ile ikigusa mahali pa baridi inakuwa imeshiba zaidi. Usiiweke juu ya tangi. Hapo itakuonyesha 80 mwaka mzima na hutajifunza lolote.

Hizi saa za bei nafuu hudanganya kwa pointi tano hata kumi, kwa hiyo zipime. Mimina chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa ya soda, dondoshea maji kidogo kidogo mpaka chumvi ilowe iwe ujiuji mzito, isiyeyuke. Weka kifuniko hicho na saa yako ndani ya mfuko wa plastiki wa zipu, ufunge vizuri ukiwa na hewa ndani, uache mezani usiku kucha mbali na jua. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75, iwe Iowa iwe Unguja. Asubuhi saa ikisoma 69, andika kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwake: ongeza 6.

Lengo lako ni nini? Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, linashauri unyevu wa ndani ubaki chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50. Kwa besimenti yenye samaki, 50 wakati wa joto ni ushindi. Wakati wa baridi kali shuka hadi 40 au chini, na sababu yake iko ukutani. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa 60 huanza kudondosha umande ikigusa kitu chenye nyuzi 12. Ikiwa na unyevu wa 40, haidondoshi mpaka ikute nyuzi 6. Januari, kioo cha dirisha na sehemu ya ukuta iliyo juu ya ardhi zinaweza kabisa kuwa kati ya nyuzi hizo mbili.

Funika tangi, kisha funika tangi lililosahaulika

Maji ya samaki wa Tanganyika yanatakiwa kuwa na nyuzi 24 hadi 27. Besimenti iko 18 au 20. Maji yakiwa ya moto kuliko hewa, na hewa ikiwa kavu, mvuke unapanda usiku na mchana. Huwezi kulipoza ziwa kwa ajili ya ukuta. Unachoweza ni kuweka kioo katikati.

Kifuniko cha kioo cha milimita 4 hadi 6 ndicho bora. Hakipindi, kinasafishika, taa inapita. Matangi mengi ya Marekani yana mkanda wa plastiki katikati ya ukingo wa juu, kwa hiyo utahitaji vipande viwili. Vinavyouzwa tayari huja na ukanda wa plastiki nyuma ambao unaukata kwa mkasi kupitishia mabomba na nyaya. Kata matundu madogo kuliko unavyodhani yanahitajika. Uwazi wa vidole viwili kila upande wa bomba ndio mvuke wote utakaopitia.

Kinachoamua kazi ya kifuniko ni pale kinapokaa. Kikilala juu ya ukingo wa nje, matone yanayojikusanya chini yake yatatambaa mpaka pembeni, yatashuka kwa nje ya kioo, yataacha michirizi myeupe ya chokaa, na mwisho yatakula kabati. Kikae ndani ya ukingo, kwenye ngazi ndogo iliyopo, na kama unakata mwenyewe basi kiinamie mbele kidogo ili matone yarudi majini. Inua kifuniko kilichokaa vizuri baada ya usiku mmoja utaona matone yamejipanga upande mzima wa chini, na yote yanadondokea ndani. Hiyo ndiyo lita iliyokuwa iende ukutani.

Wasiopenda uzito wa kioo hutumia polikaboneti ya tabaka mbili, ile ya kuezekea vibanda vya bustani. Ni nyepesi, inakatwa kwa kisu cha karatasi, na hewa iliyo katikati yake hupunguza joto linalopotea. Ziba ncha zake kwa silikoni, vinginevyo vile vijifereji vitajaa maji na mwani wa kijani. Akriliki ya kawaida usiihangaikie: upande wa chini unanyonya unyevu, wa juu unabaki mkavu, na ndani ya wiki chache ubao umejikunja.

Utasikia kwamba kifuniko kitawanyima samaki hewa. Tropheus kweli wanataka maji yenye oksijeni nyingi, lakini oksijeni huingia kwa maji kutikiswa juu, na hewa iliyo kati ya maji na kifuniko inabadilishwa muda wote na pampu na yale matundu ya mabomba. Hapa pia kuna jambo ambalo watu hulipima vibaya. Jiwe la hewa linalaumiwa sana kwa unyevu. Hebu tupige hesabu: pampu ndogo inayosukuma lita 5 kwa dakika hupitisha mita za ujazo 7.2 kwa siku. Hewa hiyo ikiingia na unyevu wa 50 na kutoka imeshiba kabisa kwenye nyuzi 25, itabeba gramu 100 hivi za maji. Kikombe kidogo cha chai. Kosa la jiwe la hewa ni pale tangi linapokuwa wazi, kwa sababu viputo vikipasuka hurusha vitone na huchafua uso wa maji, na ule uso mpana ndio unaotoa lita. Likifunikwa tangi, jiwe la hewa halina kesi ya kujibu.

Tangi la chini ndilo linalosahaulika. Liko ndani ya kabati, halionekani, maji ya moto yanaangukia humo kwa kishindo mchana na usiku. Wenye mnara wa kudondoshea maji juu ya vipira vya plastiki wana hali mbaya zaidi: mtambo ule umeundwa maji na hewa vikutane kadiri inavyowezekana, ndiyo sifa yake na ndiyo dhambi yake. Kata polikaboneti ifunike chemba zote, acha tundu la bomba na la mkono wako. Bomba la kushukia lifike chini ya usawa wa maji, lisiangukie juu. Kama hujanunua vifaa bado, zingatia filta ya mtungi, ile iliyofungwa pande zote. Haitoi mvuke hata kidogo, na kwa tangi moja la samaki wa Tanganyika inatosha.

Kisha mapipa. Wanaotuliza maji kwa siku moja kabla ya kubadilisha mara nyingi huyaacha kwenye pipa wazi lenye hita na pampu ndani. Hilo ni tangi jingine, halina samaki tu. Lifunike. Bora zaidi, peleka mpira moja kwa moja kutoka kwenye sinki hadi tangini, ukitia dawa ya kuondoa klorini ya kutosha tangi zima, si ya maji mapya peke yake.

Baada ya kufunika vyote, rudia kipimo cha selotepu. Siwezi kukuahidi namba, kwa kuwa matundu yako si yangu, lakini tofauti itaonekana kwa macho. Hita nayo utaisikia inakaa kimya muda mrefu zaidi.

Jambo dogo kuhusu kuongeza maji. Mvuke unapanda peke yake, madini yanabaki. Ukijazia kila siku kwa maji magumu ya bomba, ugumu unapanda polepole. Kwa samaki waliotoka kwenye ziwa lenye pH ya karibu 9 hilo si msiba, na kubadilisha robo ya maji kila wiki hulishika. Ila maji ya ndoo ya mashine ya kukausha hewa usiyatie tangini hata kama yanaonekana safi. Yamepita kwenye mabomba ya shaba na alumini yenye vumbi la chumba. Shaba ni sumu kwa konokono na kamba. Mwagilia maua.

Dirisha lina msimu wake

Mtu wa pwani akisikia uvundo anafungua dirisha. Huku desturi hiyo inafaa nusu ya mwaka na inadhuru nusu nyingine.

Januari, hewa ya nje yenye nyuzi kumi chini ya sifuri ina gramu 2 hivi za mvuke kwa mita ya ujazo. Ukiiingiza na kuipasha hadi nyuzi 20, unyevu wake unashuka kwenye asilimia 10 hivi. Hiyo ni hewa kavu ya bure, ukiacha gharama ya kuipasha moto. Dakika kumi za dirisha wazi kila siku, au feni ndogo inayotoa hewa nje, hufanya kazi ya mashine. Wenye uwezo hufunga mtambo unaobadilishana joto, ambao hewa chafu ikitoka huipasha ile inayoingia bila kuchanganyika nayo.

Julai geuza mambo. Hewa ya nje ya nyuzi 30 yenye unyevu wa 60 huanza kudondosha umande kwenye nyuzi 21. Ukuta wako wa zege, ambao nusu yake iko ardhini, una nyuzi 17 au 18. Kila pumzi unayoiingiza inatema maji ukutani, na wewe unadhani unakausha. Funga madirisha ya besimenti kuanzia joto la kwanza la Juni mpaka Septemba, na huo ndio wakati wa mashine.

Onyo kuhusu feni ya kutolea hewa, na hili si la kuruka. Nyumba nyingi zina tanuru ya gesi na hita ya maji ya gesi humo humo besimenti, zikitoa moshi kwa bomba linalopanda juu kwa mvuto wa joto peke yake. Feni yenye nguvu ikivuta hewa ya chumba kilichofungwa, inaweza kuurudisha moshi huo chini, pamoja na kaboni monoksidi, ambayo haina harufu. Weka king'ora cha kaboni monoksidi karibu na ngazi kabla hujafunga feni, na mwite fundi wa tanuru aangalie mvuto wa bomba feni ikiwa imewashwa. Mvuto huo huo unaweza pia kuvuta radoni, gesi ya mionzi itokayo ardhini na kupitia nyufa za sakafu. Vipimo vya radoni vinauzwa madukani kwa bei ndogo. EPA inasema chukua hatua ikifika pikokuri 4 kwa lita, na katika majimbo kama Iowa nyumba zinazovuka hapo ni nyingi.

Mashine ya kukausha hewa

Ukiwa umefunika na kupima, sasa unajua ukubwa unaohitaji. Mashine za Marekani hupimwa kwa painti, na painti moja ni karibu nusu lita. Tangu 2019 vipimo rasmi hufanywa kwenye nyuzi 18 badala ya 27, karibu zaidi na hali halisi ya besimenti, ndiyo maana mashine iliyoitwa ya painti 70 sasa inaitwa ya 50. Ukinunua ya mtumba, angalia mwaka kabla ya kulinganisha namba.

Mashine ndogo ya painti 22 hukamua lita 10 kwa siku kwenye hali ya maabara, hewa ikiwa na unyevu wa 60. Kwako, chumba kikishafika 50 na ubaridi kuzidi, itakamua pungufu sana ya hapo. Hata hivyo kwa tangi moja lililofunikwa na besimenti isiyovuja inatosha. Kama kuta zenyewe zinaleta maji, chukua ya painti 35 au 50. Kubwa inayofanya kazi kwa vipindi huchosha masikio kidogo kuliko ndogo inayonguruma saa 24.

Iweke mahali penye nafasi pande zote, si kwenye kona. Unganisha mpira wake uende kwenye tundu la sakafu. Anayetegemea kumwaga ndoo atasafiri siku mbili na mashine itajizima ndoo ikijaa. Tundu likiwa juu kuliko mashine, kuna pampu ndogo za kusukuma maji hayo. Osha chujio lake la vumbi kila mwezi. Chumba kikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, koili zake huanza kuganda barafu: hapo izime, maana ni majira ambayo hewa ya nje inakufanyia kazi bure, au tafuta aina inayokausha kwa jeli ya silika badala ya koili.

Kumbuka pia kwamba mashine hii inatoa joto. Chumba kidogo kinaweza kupanda nyuzi kadhaa, na Agosti tangi lililofunikwa litapanda nalo. Kipimajoto cha tangi kiangaliwe wiki ya kwanza.

Kabla ya kuwasha mashine ya mtumba, soma namba ya modeli mgongoni na uitafute kwenye orodha ya bidhaa zilizorudishwa ya Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, CPSC. Mamilioni ya mashine za aina hii yamewahi kurudishwa kwa hatari ya kuwaka moto, na baadhi bado zinazunguka kwenye minada ya barazani.

Pengine samaki wanasingiziwa

Zege hunyonya maji ya ardhini. Kata plastiki nene ya sentimita 45 kila upande, ibandike sakafuni kwa utepe mpana kingo zote nne, nyingine ukutani, ziache siku nzima. Ukikuta matone upande wa chini wa plastiki, maji yanatoka ardhini. Yakiwa upande wa juu, yanatoka hewani. Yakiwa pande zote mbili, una kazi mbili.

Ya ardhini dawa yake iko nje. Angalia mvua inaponyesha maji ya paa yanamwagikia wapi. Bomba la kushukia likiishia kwenye msingi, liongeze urefu wa mita moja na nusu au mbili. Udongo uteremke kuikimbia nyumba, sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Ndani, hakikisha bomba la mashine ya kukaushia nguo linatoka nje kweli, halijachomoka nyuma, na shimo la pampu ya maji ya mvua lina kifuniko.

Sogeza tangi sentimita 10 au 15 kutoka kwenye ukuta wa nje ili hewa ipite. Maboksi ya karatasi yaondoke sakafuni kabisa. Nguo, vyeti na albamu za harusi ziingie kwenye makontena ya plastiki juu ya rafu za chuma. Mara moja kwa mwezi chukua tochi, panda kiti, umulike pale boriti za dari zinapokutana na msingi, kuzunguka nyumba yote. Hapo ndipo ukuta una ubaridi kuliko kote na hakuna anayepaangalia. Kuvu huanza kama madoa ya kijivu kwenye mbao au weusi kwenye sufi ya kuzuia baridi. Mulika na sanduku la umeme: kutu kwenye skrubu zake ni habari unayotakiwa kuipata mapema.

Kuhusu umeme wenyewe, kila soketi ya tangi iwe ya aina inayokata umeme unapovuja, kila waya uning'inie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda ili tone lidondoke sakafuni lisifuate waya, na ile soketi ndefu ya tundu nyingi ipigwe msumari ukutani, isilale sakafuni chini ya tangi.

Ukikuta kuvu

Kipande kisichozidi mita moja ya mraba unaweza kukisafisha mwenyewe kwa sabuni, maji na brashi, umevaa glavu na barakoa ya N95, kisha ukikaushe ndani ya siku moja au mbili. Zaidi ya hapo, au kama jipsamu imelowa mpaka ndani, mwite mtaalamu. Jipsamu hiyo hukatwa na kutupwa, haioshwi. Usichanganye dawa ya klorini na ya amonia. Na usipake rangi juu ya kuvu.

Kabla hujafungua chupa yoyote, kumbuka pampu ya hewa. Inavuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja kwenye maji, kwa hiyo chochote unachonyunyizia, kiwe klorini, rangi au dawa ya mende, kinafika kwa samaki kabla hakijakukereketa wewe kooni. Hamishia pampu kwenye chumba cha juu na ushushe mpira wake kupitia ngazini. Ikikaa juu ya usawa wa maji, umeme ukikatika maji hayatarudi ndani yake. Kama haiwezekani, izime, acha pampu ya maji peke yake iendelee kutikisa uso, weka taulo mbichi juu ya matundu ya kifuniko, na ufanye kazi ile kwa vipindi vya saa moja huku feni ikitoa hewa nje. Taulo litoke na pampu iwashwe tena pale tu harufu ikiwa imekwisha kabisa.